Kabla ya Kumtuma Mkaguzi Ndani: Masalia ya Methamfetamini katika Nyumba na Usalama wa Anayeingia Kwanza

Tunapozungumzia methamfetamini, aghalabu tunawataja watu wawili: anayeitumia na anayeiuza. Wa kwanza tunampokea hospitalini. Wa pili tunawaachia polisi na mahakama. Yupo mtu wa tatu ambaye hatajwi. Huyu hajapata kuiona dawa hiyo wala hana haja nayo. Ni mkaguzi anayetumwa kuitazama nyumba kabla ya kuuzwa, fundi anayeitwa kurekebisha mabomba, mama anayefanya usafi baada ya mpangaji kuhama, au afisa afya anayefuatilia malalamiko ya harufu. Anaingia akiwa na tochi na kalamu katika nyumba ambamo dawa hiyo ilipikwa, na hakuna aliyemwambia.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba usalama wa mtu huyu unategemea swali moja ambalo wenye nyumba, madalali, na hata sisi waganga hatuna desturi ya kuliuliza: je, katika nyumba hii dawa ilipikwa, au ilivutwa tu? Nyumba hizi mbili hazifanani. Anayezichanganya huangukia katika moja ya madhara mawili: humwingiza mfanyakazi katika sumu bila kinga, au humfukuza mpangaji maskini kwa sababu ya masalia ambayo hayajathibitishwa kumdhuru mtu. Yote mawili yamekwisha kutokea katika nchi zilizotutangulia katika balaa hili. Tunaweza kujifunza kwao kabla hayajatufika.

Kinachobaki baada ya mpishi kuondoka

Methamfetamini ni kichangamshi cha mfumo wa fahamu, jamaa wa karibu wa amfetamini. Huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huondoa usingizi na hamu ya kula, na huleta uraibu mzito. Ikivutwa kwa kuchomwa, sehemu ya mvuke wake huganda kwenye kuta, dari, mapazia na magodoro. Masalia hayo hayaonekani kwa macho. Yanaweza kudumu kwa miezi au miaka, na mtu huyapata kwa kugusa, kwa kuvuta vumbi, au, kwa mtoto mdogo, kwa kupeleka mikono mdomoni.

Mahali ilipopikwa pana mambo mengine zaidi. Mapishi hutumia vimumunyisho vinavyoshika moto kwa urahisi, tindikali kali, magadi makali yanayounguza ngozi, na kutegemea njia iliyotumika, gesi ya amonia, iodini au fosforasi nyekundu. Kwa makadirio yanayotumiwa na mamlaka za Marekani, kila kilo moja ya dawa inayopatikana huacha kilo tano hadi sita za taka zenye sumu. Taka hizo humwagwa katika sinki, choo, karo la maji machafu, au uani ambako watoto wanacheza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa hospitali ya National Jewish, mjini Denver, walishirikiana na vyombo vya dola kuipika dawa hiyo kwa makusudi, chini ya uangalizi, ili kupima kinachotoka. Walikuta kwamba methamfetamini haikubaki katika chumba cha kupikia. Ilienea nyumba nzima. Walikuta pia kwamba shughuli za kawaida, kama vile kutembea sakafuni, ziliirusha tena hewani. Kwa hiyo mtu anayesema, “Sikuingia jikoni, nilipita sebuleni tu,” hana uhakika wa usalama wake.

Kwa nini mkaguzi yuko hatarini kuliko mnunuzi

Huko Marekani, ukaguzi wa nyumba kabla ya mauzo ni kazi ya kitaaluma. Mkaguzi hutazama paa, msingi, umeme, mabomba na mitambo ya joto, kisha huandika taarifa. Viwango vya kazi yake kwa kawaida havimtaki apime kemikali. Wala mnunuzi hamlipi kwa hilo. Hata hivyo, mwili wake hufika mahali ambapo mnunuzi hatawahi kufika. Hupanda darini, hutambaa chini ya sakafu, hufungua kichujio cha mtambo wa hewa ambacho kimekusanya vumbi la nyumba nzima, huinama chini ya sinki, na hufunua karo. Ukitaka kuchora ramani ya mahali masalia hujilimbikiza, fuata nyayo za mkaguzi.

Tatizo hili halikuwa dogo. Mwaka 2004, mamlaka za Marekani zilirekodi zaidi ya matukio 20,000 ya maabara za siri, madampo ya taka zake na vifaa vilivyokamatwa. Sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, iliweka dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyuma ya kaunta na kuweka mpaka wa kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kununua. Baadaye uzalishaji mwingi ulihamia Mexico, katika maabara kubwa. Mapishi ya nyumbani yalipungua, lakini nyumba zenyewe hazikuhama. Zimepakwa rangi, zimeuzwa, zimepangishwa. Idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya huchapisha orodha ya anwani zilizoripotiwa, nayo ina manufaa. Ila nyumba ambayo polisi hawakuifikia haimo katika orodha hiyo.

Ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wanaoishi Marekani au Australia, ambao wengi wao hufanya kazi za usafi na ukarabati au hupanga nyumba za bei nafuu, wanapaswa kulijua jambo hili. Uliza kabla ya kutia saini. Majimbo kadhaa ya Marekani humlazimu muuzaji kueleza kama nyumba yake iliwahi kuwa maabara, na jibu la maandishi lina thamani kuliko neno la mdomo.

Dalili za kumfanya mtu asimame mlangoni

Mkaguzi hahitaji kuwa mkemia. Anahitaji kujua dalili chache, na kuwa na ruhusa ya kuzifuata. Harufu kali ya mkojo wa paka mahali pasipo na paka, au ya amonia, ya tindikali au ya rangi ya kupaka, ni ya kwanza. Ya pili ni madoa ya njano au ya kahawia mekundu katika kuta, sinki na choo. Ya tatu ni mtungi wa gesi ambao valvu yake ya shaba imegeuka rangi ya bluu au kijani. Amonia huila shaba namna hiyo, na mtungi kama huo unaweza kulipuka. Nyingine ni madirisha yaliyozibwa, king'ora cha moshi kilichofunikwa kwa plasta, chupa na mipira ya kupitishia gesi, lundo la maganda ya vidonge vya mafua, betri zilizopasuliwa, na nyasi zilizokufa mahali pamoja uani.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Mwenye paka ana haki yake, na asthma ya mtu mwingine inatosha kumfanya anunue dawa nyingi. Dalili tatu kwa pamoja ni sababu ya kutoka nje.

Akishaziona, mfanyakazi afanye yafuatayo. Asiguse wala kunusa chombo chochote. Asifungue wala kufunga kifuniko. Asiwashe wala kuzima taa, kwani cheche ndogo ya swichi yaweza kuwasha mvuke wa vimumunyisho. Asimwage kitu katika sinki “kusaidia kusafisha”. Atoke kwa njia ile aliyoingilia, afike mahali penye hewa safi, kisha awaite polisi na zimamoto. Akifika nyumbani avue nguo na viatu nje, azifue nguo hizo peke yake, na aoge kwa maji mengi na sabuni.

Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haizuii gesi. Hili linastahili kurudiwa, kwa kuwa tangu janga la UVIKO-19 watu wengi wameijengea imani barakoa ya aina moja kwa hatari za kila aina. Anayelazimika kuingia kwa kazi ya kusafisha anahitaji barakoa yenye vichujio vya gesi iliyopimwa usoni mwake, glavu zinazostahimili kemikali, miwani ya kuziba macho na ovaroli ya kutupwa. Asiye na vifaa hivyo hana kazi ndani ya nyumba hiyo, hata kama ameahidiwa malipo mazuri.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2000 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilichambua matukio ya maabara hizo katika majimbo kadhaa. Walioumia zaidi miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa polisi, na wengi wao hawakuwa wamevaa kinga yoyote. Dalili yao kuu ilikuwa muwasho wa njia ya hewa. Polisi hao walijua wanachokifuata. Mkaguzi na mfanya usafi hawajui.

Gesi ambayo wakulima wetu wanaifahamu

Wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Napenda kuwakumbusha jambo moja. Katika mapishi yanayotumia fosforasi nyekundu, gesi hatari kuliko zote ni fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayotoka katika vidonge vya kufukizia nafaka ghalani, ambavyo vinapoguswa na unyevu huachia sumu. Tumewapokea wakulima na watoto waliolala karibu na magunia yaliyofukizwa. Tumewapokea pia waliomeza vidonge hivyo kwa kukata tamaa. Sumu ni ile ile. Nyumba tu ndiyo iliyobadilika.

Fosfini huelezwa kuwa na harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua si kipimo cha kutegemea. Mgonjwa huja na kikohozi, kifua kubana, maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye, hata siku ya pili au ya tatu. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Tunampa oksijeni, tunautazama moyo na shinikizo la damu, na hatumruhusu arudi nyumbani mapema.

Yapo mambo mengine matatu ya kuzingatia kliniki. Kwanza, mgonjwa aliyemwagikiwa tindikali au amonia aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka mara moja. Macho yaoshwe kwa muda usiopungua dakika 15 kabla ya kufikiria jambo jingine. Pili, nguo zake zivuliwe nje ya chumba cha matibabu na kufungwa katika mifuko miwili, ili muuguzi asiwe mgonjwa wa pili. Tatu, kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya kisitumike kumhukumu. Mkaguzi aliyekaa nusu saa katika nyumba yenye gesi anaweza kuwa na mkojo safi kabisa na mapafu yaliyoungua, kwa sababu kilichomuumiza si dawa yenyewe bali gesi za mapishi. Majibu hasi ya mkojo hayamaanishi kwamba anajifanya mgonjwa.

Umuhimu wa namba, na gharama ya hofu

Nimeeleza hatari ya nyumba iliyopikiwa. Sasa nieleze upande wa pili, kwa kuwa haki inatutaka tuutazame.

Masalia hupimwa kwa kupangusa eneo la mraba lenye sentimita 10 kila upande, kisha kitambaa hupelekwa maabara. Jibu hutolewa kwa mikrogramu katika sentimita 100 za mraba. Australia, katika mwongozo wake wa mwaka 2011, iliweka mpaka wa 0.5. California iliweka 1.5. New Zealand, ambako dawa hii huitwa kwa herufi moja tu, P, ilikuwa na mwongozo wa 0.5 wa mwaka 2010 uliokusudiwa kupima kama nyumba iliyokuwa maabara imesafishwa vya kutosha. Mwaka 2017 ikatoa kiwango cha kitaifa cha 1.5.

Kilichofuata huko ni somo. Mpaka uliotungwa kwa ajili ya nyumba zilizopikiwa ulianza kutumiwa kwa kila nyumba ambayo mtu aliwahi kuvuta. Makampuni ya kupima na kusafisha yakastawi. Shirika la nyumba za serikali likasitisha upangaji wa kaya zipatazo 800, nyingi zikiwa za watu maskini, baadhi zikiwa na watoto, na mara nyingi bila kuthibitisha nani alivuta wala lini. Mwezi Mei 2018, Profesa Peter Gluckman, aliyekuwa mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu, alitoa ripoti iliyosema kwamba hakukuwa na ushahidi wa mtu kudhurika kwa masalia ya uvutaji peke yake, na kwamba kiasi cha 15 ndicho kingefaa kuashiria haja ya kusafisha pasipo dalili ya mapishi. Miezi michache baadaye shirika hilo liliwaomba radhi wapangaji na kuahidi kuwafidia.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Mikrogramu 0.5 katika sentimita 100 za mraba ni sawa na miligramu 0.05 katika mita moja ya mraba. Methamfetamini, ingawa wengi hawajui, ni dawa iliyosajiliwa Marekani kwa watoto wenye tatizo kubwa la utulivu na umakini, na dozi ya kuanzia ni miligramu 5. Ili mtu apate miligramu 5 katika ukuta wenye kiasi hicho cha 0.5, ingembidi aulambe ukuta wa mita za mraba 100 asibakize kitu. Hesabu hii haimaanishi kwamba ukuta huo ni mzuri kwa mtoto mchanga. Inamaanisha kwamba kumtupa mama na watoto wake barabarani kwa sababu ya kiasi hicho ni kumtibu mtu asiyeumwa kwa dawa inayoua. Kukosa makazi ni hatari ya kiafya inayojulikana vyema, nayo haihitaji maabara kuithibitisha.

Ila hesabu hiyo hiyo hugeuka pale ambapo dawa ilipikwa. Mwaka 2017, jarida la CDC lilichapisha habari za familia moja ya jimbo la Victoria, Australia: wazazi wawili na watoto watatu walionunua nyumba ya shamba bila kujua kwamba polisi walikuwa wamegundua maabara humo kabla ya mauzo. Watoto walipata dalili kama za pumu, usingizi wa shida na mabadiliko ya tabia. Vipimo vya kuta vilionyesha kiasi kinachozidi mwongozo wa Australia mara nyingi, na methamfetamini ilipatikana katika nywele za wanafamilia wote, watoto wakiwa na kiasi kikubwa kuliko wazazi. Baada ya kuhama, dalili zilipungua. Taarifa ya polisi ilikuwapo, na familia ikanunua bila kuiona.

Weka visa hivyo viwili pamoja. New Zealand iliwaadhibu wasiohusika kwa kuifanya kila nyumba kuwa maabara. Victoria iliwaumiza wasiojua kwa kuacha maabara iuzwe kama nyumba yoyote. Chanzo ni kimoja: hakuna aliyetenganisha nyumba iliyopikiwa na nyumba iliyovutiwa, wala aliyemwambia anayeingia.

Hapa kwetu

Je, jambo hili linatuhusu? Mwezi Desemba 2023, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini. Mwezi Oktoba 2025, jeshi la majini la Kenya lilikamata zaidi ya tani moja ya methamfetamini katika jahazi baharini. Bahari ya Hindi ni njia, na katika njia kitu hudondoka: sehemu ya shehena hubaki bandarini na mitaani. Kwa sasa, basi, tutegemee zaidi nyumba zilizovutiwa kuliko zilizopikiwa.

Lakini mapishi nayo yamekwisha kufika barani. Nchini Nigeria, maabara kubwa iligunduliwa mjini Asaba mwaka 2016. Nchini Afrika Kusini, ambako dawa hii inajulikana kwa jina la tik, maabara nyingine ilikutwa mwaka 2024 katika shamba karibu na Groblersdal, jimbo la Limpopo. Katika visa vyote viwili, raia wa Mexico walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Mpishi hutafuta mahali penye nafasi, maji, barabara na majirani wasiouliza. Nasi tuna mashamba, magodauni na nyumba ambazo hazijakamilika.

Sisi hatuna mkaguzi wa nyumba kwa maana ya Kimarekani. Tuna dalali anayefungua mlango, fundi rangi, fundi bomba, kijana wa kuzoa taka, dada wa usafi na bwana afya wa kata. Tofauti kubwa iko katika malipo. Mkaguzi wa Marekani akitoka nje na kukataa kuendelea, huandika taarifa na kupeleka ankara yake. Kibarua wetu akitoka nje, hakuna ujira wa siku hiyo, na kesho ataitwa mwingine asiye na maswali. Kumwambia mtu kama huyo “tahadhari kabla ya hatari” bila kugusa ujira wake ni kumpa methali badala ya chakula.

Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba iko hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe dhidi ya kuadhibiwa. Mwaka 2022, shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba yake ya msingi. Ulinzi huo hauna maana kwa kibarua iwapo tunaweza kumnyima malipo na kusema hatujamwadhibu.

Ninachopendekeza

Kwa wenye nyumba na madalali: semeni. Nyumba iliyowahi kuvamiwa na polisi kwa sababu ya dawa za kulevya itajwe hivyo kwa mnunuzi, mpangaji na fundi kabla hawajaingia. Najua pingamizi lenu, kwamba thamani itashuka. Thamani ilishuka siku dawa ilipopikwa. Kunyamaza humhamishia hasara hiyo mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wenu, naye hulipa kwa mapafu. Msipake rangi juu ya kuta zilizochafuka mkadhani mmesafisha, maana masalia yanaweza kupenya rangi mpya. Wala msimwagie jiki kila kitu: dawa hiyo ikikutana na tindikali iliyobaki hutoa gesi ya klorini. Nyumba iliyopikiwa hufunguliwa hewa kwanza, mazulia na magodoro huondolewa, kisha kuta ngumu huoshwa zaidi ya mara moja kwa sabuni na maji na watu wenye vifaa, na hupimwa baadaye.

Kwa waajiri na wakandarasi: mlipeni anayetoka. Kanuni iwe kwamba fundi au msafishaji aliyeona dalili na kutoka nje hulipwa siku yake nzima. Ni kinga ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu bila hiyo nyingine zote hubaki maandishi.

Kwa maafisa afya na mamlaka za miji: tungeni mwongozo sasa, wakati visa ni vichache na hakuna biashara ya hofu. Mwongozo huo utenganishe mapishi na uvutaji tangu ukurasa wa kwanza. Mahali palipopikwa pafungwe hadi pasafishwe. Mahali palipovutwa tu, mtu asiondolewe pasipo namba, na pasipo kuthibitishwa kwamba namba hiyo inahusiana na madhara. Mtumiaji aelekezwe kwenye tiba. Kumnyima paa hakujapata kumponya mraibu yeyote.

Kwa wenzangu wahudumu wa afya: ongezeni maswali mawili katika historia ya mgonjwa mwenye kikohozi cha ghafla, kichwa kuuma au macho kuwasha bila sababu iliyo wazi. “Unafanya kazi gani, na leo uliingia wapi?” “Nyumba unayoishi, nani aliishi kabla yako?” Maswali haya huchukua dakika moja na hayahitaji mashine. Akiletwa mtoto mwenye pumu iliyoanza baada ya kuhamia nyumba mpya, swali la pili lina uzito sawa na kipimo cha kifua. Ulizeni kwa upole, bila sauti ya upelelezi, kwani mgonjwa anayeogopa polisi hatasema ukweli.

Na kwako wewe msomaji unayefanya kazi hizi: ukisikia harufu usiyoielewa mlangoni, una haki ya kubaki nje. Ukiugua baada ya kuingia mahali pa namna hiyo, njoo kituoni siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, na utuambie uliingia wapi. Hutaulizwa kama unatumia dawa za kulevya kwa sababu tu umeitaja nyumba yenye dawa. Utaulizwa ulivuta hewa gani, kwa muda gani, na nani mwingine bado yumo ndani. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo litakalotuwezesha kumtoa mwenzako akiwa mzima.